Nani Amekufa Leo

Ballycorrin, 24 Juni 1996

Mdogo wangu Fintan,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Perth. Sisi tupo. Mama anakula vizuri, anakataa dawa, na ananisema kutwa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake. Miguu yangu ni ile ile. Binti wa Concepta jirani ameolewa, mvua ikanyesha tangu kanisani hadi kitandani, na Concepta anasema ni baraka. Mwache aseme.

Sasa habari yenyewe. Barabara mpya imefunguliwa, ile ya kupita nje ya mji tuliyokuwa tukiahidiwa tangu Baba yu hai. Inaanzia mashambani kwa akina Duignan na kutokea ng'ambo ya mto, maili nne na nusu, na haigusi nyumba hata moja. Jumamosi, kabla magari hayajaruhusiwa, walitufungulia tuitembee kwa miguu. Mji mzima ulitoka. Watu walibeba chupa za chai, wazee wakasukumwa kwenye viti vya magurudumu, na Padri Lavelle akaibariki kwa maji aliyoyabeba kwenye ndoo ya plastiki. Malachy Duignan, yule wa kituo cha mafuta, aliitembea yote mikono mfukoni. Alipofika mwisho akasema, "Nzuri kweli. Sasa mtu atafika Galway bila kujua kwamba mimi nilizaliwa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Leo asubuhi waziri amekata utepe. Waliniomba nisimame karibu naye, kwa ajili ya Baba, na kwa sababu mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango kukusanya sahihi baada ya lori kumgonga. Nikasimama. Kijana wa gazeti akaniuliza najisikiaje. Nikamwambia nasikia baridi. Bila shaka ataandika kwamba nilizidiwa na furaha.

Nimerudi nyumbani na mtaa ulikuwa kimya. Unakumbuka vikombe vilivyokuwa vikigongana rafuni kila lori likipita? Vimetulia. Nilidhani siku hii ikifika nitalia, au nitacheza, au hata nitakasirika. Nimekaa kwenye ngazi nikavua viatu, basi. Miaka kumi na saba nimeipigania barabara hii, na sisikii kitu.

Nilipopanda kwa Mama nilimkuta kitini pake dirishani, na pazia ameliteremsha. Nikamuuliza kwa nini anakaa gizani mchana. Akasema, "Shii. Kuna maziko yanapita." Nawe unajua desturi yetu: hapa ni maiti tu aliyeweza kuusimamisha mtaa, malori yakizima injini, maduka yakifunga milango na nyumba zikiteremsha mapazia mpaka jeneza lipite. Nikamweleza kuhusu barabara. Akasema "Aa," lakini pazia hakulipandisha.

Ana miaka themanini na moja. Njoo, Fintan. Tangu uondoke hujarudi hata mara moja.

Dada yako,
Attracta


Perth, 28 Julai 1996

Dada Attracta,

Nashukuru kwa barua, na nashukuru kwamba Mama anagomba. Akinyamaza ndipo utaniandikia haraka.

Hapa ni majira ya baridi, ingawa baridi yao ungeianikia nguo. Kazi ya kusafisha mabwawa ya kuogelea imepungua kidogo. Bosi wangu Zoran anaendesha gari na mimi nabeba nyavu na miti ya kusugulia. Nikitoka nyumbani bado napanda treni, kisha natembea. Zoran hupenda kunitania kwamba mwanamume wa miaka arobaini na moja asiyeendesha gari Australia ni kama samaki asiyeogelea. Namwambia mazoezi ni mazuri.

Hongera kwa barabara. Maili nne na nusu si mchezo. Umeniambia habari ya Malachy, mpe pole. Wamepanda miti kandokando? Hapa barabara zao kubwa huzipandia miti.

Kuhusu kuja, tutaona. Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie nimenenepa.

Ndugu yako,
Fintan


Ballycorrin, 9 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa miti ya Australia. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu la nilichokuuliza, nikakuta habari za nyavu.

Huku tunaendelea. Concepta atakuwa bibi mapema kuliko ilivyotarajiwa, na sasa hazungumzi tena juu ya baraka.

Unataka habari za barabara, nitakupa. Nusu ya mji inaimba na nusu inaomboleza, na wengine hufanya yote mawili kwa siku moja. Kina mama wenye watoto wadogo wanavuka mtaa bila kuangalia kushoto wala kulia. Bi Considine wa hoteli aliweka bango kwenye mzunguko wa barabara, BALLYCORRIN BADO IPO, halmashauri ikaling'oa kwa kuwa hakuomba kibali. Jumapili watu wanapakia watoto garini na kwenda kuipita barabara mpya, wakifika mwisho wanageuza, wanarudi nyumbani kula. Wazee watatu wamejipatia kazi: kila asubuhi wanapanda daraja la juu na viti vyao vya kukunja, wanainua kidole kusalimia kila gari, kama tunavyosalimiana huku siku zote. Hakuna gari linalowajibu. Mwendo ni mkali, nani atawaona?

Mimi hapa mgahawani nilikuwa nakata mikate arobaini ya madereva kabla ya saa tatu asubuhi. Sasa nakata mmoja, na nusu yake naila mwenyewe. Malachy aliingia jana akaagiza chai, akakaa saa nzima, akasema, "Wewe na sahihi zako, Attracta." Hakusema kwa ukali. Nikamwongezea maziwa.

Lakini hayo ni pembeni. Mama anauliza kila siku nani amekufa. Akiamka anasikiliza mtaa, anakuta kimya, anateremsha pazia na kuniita: "Attracta, nani amekufa leo?" Mwezi wa kwanza nilikuwa namweleza. Barabara mpya, Mama, malori yamehama. Ananisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza daktari, kisha anauliza tena. Kwa hiyo nikaacha kueleza. Sasa tunafungua redio, yale matangazo ya vifo baada ya habari za asubuhi, na jina la kwanza linalosomwa ndilo ninalompa. Anauliza ni wa ukoo gani, anasali, anatulia. Kesho tunaanza upya. Wilaya hii ina wafu wa kutosha, tunashukuru.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiki chetu nimekisikiliza miezi miwili, sijasikia mshindo.

Nitasema jambo moja kisha nitanyamaza. Kila mtu hapa anajua kwamba gari lako la mikate ndilo lililokuwa limeegeshwa mlangoni siku ile, na kwamba Baba alitokea nyuma yake. Hakuna aliyewahi kulitaja mbele yangu. Mama hajawahi kulitaja. Kama ndilo linalokuzuia, basi limekuzuia peke yako.

Njoo wakati bado anakujua. Picha yako bado anaijua.

Attracta


Perth, 17 Novemba 1996

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua mbili nikazitupa.

Majira ya joto yameanza na kila mtu anataka bwawa lake ling'ae. Desemba na Januari Zoran hawezi kuniachia hata siku moja, mgongo wake umeharibika. Labda mwaka ujao, tuone mwezi wa nne au wa tano.

Nakutumia picha. Nyuma yangu ni bwawa la daktari mmoja, si langu, usije ukawaambia watu ni langu.

Hongera kwa Concepta.

Nilitaka kuuliza. Mama hunitaja? Simaanishi anapoona picha. Nauliza kama hunitaja mwenyewe tu.

Fintan


Ballycorrin, 12 Januari 1997

Fintan,

Mwaka mpya umefika, na uwe wa heri kwako. Bomba la jikoni limepasuka kwa barafu na Malachy amelitengeneza. Hoteli imefungwa. Bi Considine amekwenda kwa dada yake na kuniachia paka.

Umeniuliza kama Mama hukutaja. Nimekaa na swali lako wiki nzima, maana jibu lake ni baya na aliyelifanya ni mimi.

Tarehe kumi na tisa Desemba tulifungua redio kama kawaida. Mtangazaji akasema leo hakuna vifo vilivyoripotiwa, akapiga muziki. Mama akanitazama. Nje hakukupita hata baiskeli. Akasema, "Hakuna?" Nikasema hakuna, Mama. Akasema, "Mtaa hauwezi kuwa hivi bila mtu. Mnanificha." Akaangalia picha yako, ile ya bwawa, niliyokuwa nimeiegemeza kwenye saa. Akasema, "Ni Fintan."

Sikusema ndiyo. Nilitaka kusema hapana, na mdomo nilikuwa nao. Lakini nilikuwa nimelala masaa matatu, uji unaungua chini, na nilijua nikisema hapana atauliza, basi ni nani? Sikuwa na jina jingine la kumpa. Nikanyamaza, Fintan. Huku kwetu mtu akinyamaza umeshaelewa.

Hakupiga kelele. Aliomba rozari yake. Usiku ule alilala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu Juni, na kulipokucha hakuuliza nani amekufa. Hajauliza tena tangu siku ile. Alinituma kwa Padri Lavelle nikamchukulie kadi ya misa ya marehemu, nami nikaenda, nikasimama mlangoni kwa Padri nikashindwa kutaja jina. Nikamwambia ni ya nia ya Mama. Kadi iko mbele ya picha yako.

Kisha nikagundua anasubiri. Anasema maiti inatoka mbali, Australia si jirani, itafika siku itakayofika, nayo lazima ipite mtaani na kusimama mlangoni kama ilivyo desturi. Pazia haliendi juu mpaka upite. Anakaa gizani amevaa koti jeusi.

Watu wamejua. Ni mji mdogo, na sasa hakuna malori ya kuficha maneno. Concepta aliniambia, "Mwambie ukweli mama yako, la sivyo utapata laana." Ninaweza kumwambia. Nimefikiri, nikimwambia yu hai, atauliza kwa nini basi haji.

Ukubwa ni jalala, nami ndiye mkubwa, kwa hiyo hili nalo litupwe kwangu. Ningetakiwa kujisikia vibaya kuliko ninavyojisikia. Napika, naosha, namvalisha koti.

Sikwambii uje. Nakwambia tu ilivyo.

Attracta


Perth, 26 Januari 1997

Dada,

Nitafika uwanja wa ndege wa Shannon tarehe tatu Machi asubuhi. Usije kunipokea. Nitapanda basi.

Fintan


Perth, 13 Aprili 1997

Dada Attracta,

Nimefika salama. Zoran amefurahi, nyumba imejaa vumbi, na wenye treni wamepandisha nauli. Natumaini Mama hajambo na paka ameacha kulala kwenye mikate.

Siku zote nane nilizokaa kwako tulizungumza habari za bomba. Nilikuwa na la kukwambia na sikulisema. Nitaliandika.

Basi liliniteremsha kwenye mzunguko, halipiti mjini tena, nikatembea na sanduku langu ile maili moja. Sikukutana na gari hata moja. Nilitembea katikati ya barabara, pale pale ambapo tulikuwa tukichapwa tukikanyaga. Nilipofika mlangoni nikasimama. Nilikuwa nimeogopa mahali hapo miaka kumi na saba, nikaona ni lami tu, ina ufa na nyasi kidogo. Sikuhisi chochote. Ulifungua mlango ukasema nimenenepa.

Ya siku niliyofika unayajua. Mama alinipa mkono na kusema asante kwa kuja, umetoka mbali? Ulitaka kumwambia, nikakukonyeza uache.

Ilikuwa siku ya tatu, uliposhuka kuchemsha chai. Akaniuliza, "Ulimfahamu Fintan?"

Nikasema, "Nilimfahamu."

"Alikuwa na ubishi, lakini alikuwa na moyo. Angeweza kumpa mtu mkate wa bure kisha akamtukana." Akalinyoosha koti lake. "Walisema ni gari lake. Hakuna aliyefungua mdomo, lakini walisema."

Nikamwambia nilisikia kitu kama hicho.

"Gari lilikuwa pale linapokaa kila siku," akasema. "Kijana alikuwa jikoni anakunywa chai. Mzee alitoka bila miwani, nami nilikuwa hapa hapa dirishani. Nikamwita. Cormac, umesahau miwani. Akageuka kuniangalia. Akaangalia juu kwangu, na huku akipiga hatua. Angeangalia barabara angeliona lori. Aliniangalia mimi."

Nilimuuliza alimwambia nani. Akasema hakumwambia mtu, hata kwenye kitubio. Nikamuuliza, "Na Fintan je? Kwa nini hukumwambia?"

"Aliondoka kabla sijapata maneno. Kisha nikawaza, akirudi itanibidi nimwambie. Kwa hiyo sikumwita arudi. Msichana wangu alimwita. Mimi kamwe." Akanisogezea sahani. "Una uso wa mtu mwema. Kula mkate."

Nikala mkate. Baadaye ukaleta chai, ilikuwa baridi, sikukuuliza.

Dada, mtu angesema mzigo umeshuka. Mimi nilikaa kwenye ndege na kutazama sinema mbili, ya pili ilikuwa ya mbwa. Sijui mzigo huwa unaenda wapi. Lakini Jumanne mgongo wa Zoran ulikataa kabisa, akanitupia funguo bila kufikiri. Nikaendesha. Kutoka kwa daktari hadi bohari, maili sita.

Fintan


Ballycorrin, 4 Mei 1997

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na nimefurahi umefika. Mjukuu wa Concepta ana meno mawili na anamng'ata kila mtu. Paka bado analala kwenye mikate, mikate ni michache, nimemwachia. Malachy amepata kazi kwenye kituo kikubwa cha mafuta huko barabara mpya, wamemvalisha kofia nyekundu. Anasema kofia inabana.

Chai ilikuwa baridi kwa sababu nilisimama nayo kwenye ngazi. Nilisikia kuanzia kwenye miwani. Nami sikukwambia, kwa hiyo tuko sawa.

Miwani iko kwenye droo ya kaunta. Nimeisogeza miaka yote hii nikitafuta kamba na mkasi, sikuwahi kujiuliza kwa nini siku ile hakuwa nayo. Nilikuwa nimeishiwa maswali, nilikuwa na sahihi za kukusanya. Nilimkasirikia dereva, nikaikasirikia halmashauri, na wewe pia nilikukasirikia, sikukwambia hilo nalo. Mama sikuwahi kumfikiria. Jana nimeitoa, nikaifuta, nikairudisha.

Sijamwambia kuwa nilisikia. Kama atataka kuniambia, nipo chini.

Lakini hili ulijue. Siku uliyoondoka mwezi wa tatu ulitoka na sanduku lako, ukasimama mlangoni kufunga kamba ya kiatu, kisha ukashika mtaa kuelekea mzunguko. Nilikuwa juu naye. Alilishika pazia pembeni akachungulia, akakufuata kwa macho mpaka ulipopinda kona ya hoteli. Akasema, "Amepita." Akalipandisha pazia mpaka juu, akavua koti, akataka yai. Nikampikia mawili.

Tangu siku hiyo pazia liko juu. Anatazama mtaa mtupu kutwa, na hajauliza tena nani amekufa. Kadi ya misa ameiweka ndani ya kitabu cha sala. Picha amebaki nayo, anasema ni ya bwawa zuri.

Juzi nilipokuwa namchana nywele akaniuliza, "Yule bwana aliyekuja matangani, mwenye sanduku. Ana mama?"

Nikasema anaye.

Nikachana upande wa pili, nikadhani amesahau. "Basi mwambie aende kwake," akasema. "Asingoje mpaka afe mtu."

Nimekufikishia.

Attracta